Kanyaga Klachi Nione Puli

Nawategea, wajukuu, na anayejua asimnong'oneze mwenzake. Mzee yumo ndani ya nyumba ya chuma, anazunguka kutwa na hatoki. Akisogea unene wa ukucha tu, nyumba nzima imekufa. Nani huyo?

Msijisumbue. Ni krenki, ule mhimili mzito tumboni mwa injini. Chigusa wa hapa kwetu Shibukawa aliijua tangu mdogo, maana marehemu baba yake alikuwa na gari la turbo, na kila akilifungua humpa binti ashike tochi. Ndiyo maana Jumapili ile, wakiwa wamesimama kwenye taa nyekundu, alimpiga mchumba wake, aliyekuwa usukani, kofi la pajani.

"Kuniaki! Toa mguu kwenye klachi!"

"Aa, si taa ya kijani inawaka sasa hivi."

"Weka gia huru, uachie. Turbo ina klachi ngumu, ukiikandamiza hivyo unaisukuma krenki. Nimekuimbia wimbo huu mpaka sauti imekauka."

"Hujaingia ndani unanifokea hivi, ukishaingia je?"

"Nitakukata huo mguu."

Wakacheka. Harusi ilikuwa ifanyike vuli, majani ya mlimani yakishageuka mekundu. Na gari walilokuwa wanakwenda kulitazama lingekuwa la Chigusa: buluu, turbo, aina ileile ya gari la marehemu baba yake. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba siku ya kwanza tu atampakia, ampandishe mlima Haruna kona kwa kona hadi ziwani.

"Mwenye gari unamjua?" Chigusa akauliza.

"Wapi! Nimeliona mtandaoni tu. Mama mmoja anaitwa Orie."

Orie aliwapokea kwa kuinama, akawaletea chai baridi ya shayiri. Chigusa akainama naye, akalizunguka gari, akaomba afungue boneti.

"Kuniaki, ingia ukanyage klachi. Mimi nitazame puli."

Kuniaki akamvuta pembeni.

"Usitutie aibu. Mtu katuletea chai, wewe unampekua kama mwizi?"

Na kweli, huku kwetu wengi wamenunua ubovu kwa sababu ya adabu tu. Unaona haya kumwonyesha mwenzio kwamba unamshuku. Unainama, unashukuru, unaondoka na msiba wako.

"Nimeomba kwa heshima," Chigusa akasema.

"Nimeshaliangalia mimi. Ni zima kabisa."

"Umeliangalia lini?"

Orie akawasikia.

"Hamna shida, dada. Ngoja nikanyage mimi mwenyewe."

Akaingia. Chigusa akainama juu ya injini.

"Kanyaga... Achia... Kanyaga tena."

Puli, kile kigurudumu cha mkanda kwenye ncha ya krenki, ikatoka nje, ikarudi ndani. Ikatoka, ikarudi, hata asiye fundi angeiona. Beringi zinazoishika krenki zilikuwa zimelika, na krenki ilikuwa inatembea. Injini ya namna hiyo hukamata, ikakwama ghafla, bila kubisha hodi. Ikikamatia kwenye kona za Haruna, magurudumu yanagoma, na korongo liko palepale linasubiri.

"Dada, nani analiendesha zaidi gari hili?"

"Mimi kidogo tu, dukani na kurudi. Wikendi analichukua mwanaume wangu. Na mguu wake huo! Kwenye taa hauondoi kwenye klachi ng'o, nimesema nimechoka." Orie akacheka, akamgeukia Kuniaki. "Si wewe huyo! Hata dada yako hapa anakujua."

"Dada yake?" Chigusa akauliza.

"Si ndiyo? Aliniambia mnunuzi ni dada yake wa tumbo moja."

"Mimi ni mchumba wake. Tunaoana vuli hii."

Orie akashuka garini taratibu, kama mtu aliyeambiwa chini kuna nyoka.

"Kuniaki, huyu anasema nini?"

"Nitaeleza..."

"Jana ulikuwa hapa! Umekula, umeoga, umelala! Unaeleza nini?"

Kisha akamgeukia Chigusa, akainama mpaka kiunoni. "Nisamehe, dada. Sikujua."

Chigusa naye akainama mpaka kiunoni. Wanawake wawili wanaombana radhi, na mwenye kosa kasimama katikati kama nguzo ya umeme.

Chigusa alirudi kwa treni. Simu ikaita.

"Chigusa, nisikilize. Orie nilikuwa namalizana naye. Alilalamika nimemchoshea gari, nikasema nitamtafutia mnunuzi, yaishe..."

"La Orie nitalilia mwenyewe, kwa wakati wangu. Nina swali moja. Ulijua krenki imekwisha?"

"Gari la zamani lile, nani anaweza kujua..."

"Ulijua?"

Kuniaki akakata simu. Kesho yake ukaja ujumbe wake: "Nakupenda. Tusivunje harusi kwa ajili ya gari."

Chigusa akajibu: "Ulijua?"

"Mama yangu analia tangu jana."

"Ulijua?"

Jumamosi Kuniaki akaja na mama yake nyumbani kwa kina Chigusa. Mama amebeba boksi la vitamu lililofungwa kitambaa, kama inavyopasa mtu akienda kuomba radhi. Kuniaki, suti nyeusi, akapiga magoti kwenye mkeka, kipaji cha uso chini.

"Mwanangu Chigusa," mama mkwe akaanza, "mwanaume huteleza. Kadi zimeshafika kwa watu. Msamehe."

Chigusa akalisukuma boksi likarudi lilikotoka.

"Mama, mwanamke wa pili labda ningemezea, sijui. Lakini huyu alinisikia nikiahidi nani atapanda gari lile siku ya kwanza. Alikuwa amekaa hapahapa, anakula wali wetu. Kuniaki, inua uso."

Akainua.

"Usinitazame mimi. Mtazame mama yangu. Ulijua?"

Mama Chigusa alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, hakuwa amemimina hata kikombe kimoja.

"Jibu basi, baba," mama yake Kuniaki akambembeleza. "Sema hukujua, tuendelee."

Kuniaki akamgeukia mama Chigusa. Machozi yakamdondoka kwenye tai.

"Nilijua, mama."