Orodha ya Wagonjwa ya Mlima Zebuloni

Wifi yangu Verlene ana ugonjwa wa barabara. Watu wengine wa Birmingham wakipata siku ya mapumziko hukimbilia baharini mjini Mobile au madukani Atlanta. Yeye ana daftari la sehemu zisizojulikana na mtu, ambazo unaweza kwenda asubuhi ukarudi kabla ya chakula cha jioni. Daraja la mbao lenye paa. Maporomoko ya maji nyuma ya mabanda ya kuku ya mtu. Makumbusho ya vifungo vya mashati, chumba kimoja, kiingilio bure. Nimeburutwa kote huko na nimelalamika kote huko, lakini kuogopa, sikuwahi kuogopa.

Jumapili ile ya kwanza ya Mei sikutaka kwenda popote. Mume wangu Thaddeus, kaka yake Verlene, alikuwa amelazwa akisubiri kupasuliwa moyo Jumanne. Wiki nzima nilikuwa nalala kwenye kiti cha hospitali. Aliyenifukuza ni mama mkwe wangu, Mama Idella.

"Hebu nenda ukapigwe na upepo, unanuka dawa," alisema. "Mimi nitakaa na mwanangu. Nilikaa naye kabla wewe hujazaliwa."

Basi tukaondoka. Verlene alishika usukani, mimi nikashika mfuko wa karanga za kuchemsha.

"Kuna kanisa la mashambani, kusini ya Selma," akaniambia. "Mama mmoja kazini kanielekeza. Anasema halimo hata kwenye ramani."

"Kama halimo kwenye ramani, kwa nini tusiliache hukohuko?"

"Wifi, kula karanga zako."

Tuliiacha lami, tukafuata barabara ya udongo mwekundu katikati ya misonobari mpaka tukaliona. Kanisa dogo la mbao, jeupe pe, kama limepakwa rangi jana. Ubao wa nje ulisema: Mlima Zebuloni, ibada Jumapili ya kwanza na ya tatu. Makanisa ya vijijini kwetu ndivyo yalivyo, mchungaji mmoja anagawa Jumapili zake kwa makanisa mawili. Ndani waliimba. Uwanjani hapakuwa na gari hata moja.

"Labda wanatembea," alisema Verlene.

Wahudumu wawili wenye glavu nyeupe walitufungulia mlango wakatupeleka hadi benchi la mbele, maana mgeni haketi nyuma. Watu walikuwa kama arobaini, wote wamevaa nyeupe, wanajipepea taratibu. Joto la Mei lilikuwa kali, lakini hakuna aliyetoka jasho. Mimi nilikuwa nimelowa hadi mgongoni.

Wimbo ulipokwisha, karani wa kanisa akasimama na kitabu chake. Mwanamke mwembamba, miwani ya mviringo, sauti laini sana. Akaomba wageni wajitambulishe.

Sasa hapa ndipo kosa lilipofanyika, na simlaumu Verlene, kwa sababu hata mimi ningelifanya. Tumelelewa hivyo. Mgeni husimama, hutaja jina lake, kanisa lake na mchungaji wake, na kama ana mgonjwa nyumbani, humtaja aandikwe kwenye orodha ya wagonjwa ili aombewe. Na hutaja jina lote, asije akaombewa mtu mwingine.

"Naitwa Verlene Gaddis, kutoka Birmingham," alisema, tabasamu hadi masikioni. "Naomba mumkumbuke kaka yangu, Thaddeus Monroe Gaddis. Anapasuliwa moyo Jumanne."

Karani akaandika. Penseli ilikwaruza muda mrefu kuliko urefu wa jina.

"Tumwekee nafasi?" akauliza.

Verlene akacheka kidogo. Akadhani ni ukarimu. "Mwekeeni, dada. Akipata nguvu nitamleta mwenyewe."

"Amina," waliitikia wote, kwa pamoja mno.

Kisha karani akaanza kuisoma orodha.

"Ola Mae Threadgill. Kifua."

"Nipo," ikajibu sauti nyuma yetu.

Nikageuka. Mwanamke mnene alikuwa amesimama, anatabasamu.

"Hosea Crum. Homa ya matumbo."

"Nipo."

"Mtoto wa Lottie. Hakupewa jina."

Mwanamke mmoja akainua kitu kilichofungwa kwenye shuka. Hakikulia.

Nilimshika Verlene mkono. Karani akasoma jina baada ya jina, na kila mgonjwa alisimama. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyebaki nyumbani.

"Thaddeus Monroe Gaddis. Moyo."

Wote wakaacha kujipepea. Watu arobaini wakageuza shingo kuutazama mlango.

"Thaddeus Monroe Gaddis," karani akarudia.

Nje, kwenye ngazi za mbao, hatua ya mguu. Nzito. Ya mtu anayeburuta ndara.

Naijua ile hatua. Nimeisikia kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

Sikumbuki jinsi nilivyomvuta Verlene. Nakumbuka mlango wa pembeni, na mhudumu mmoja akisema kwa upole, "Mnaondoka mapema." Nakumbuka gari likikataa mara mbili. Tulipoikuta lami, simu yangu ikapata mtandao ikaanza kutetemeka mapajani. Mama Idella alikuwa amepiga mara kumi na moja.

"Moyo wake ulisimama," alininong'oneza. "Saa sita na dakika kumi. Wamemrudisha. Lakini alikuwa anataka kushuka kitandani, anasema anaitwa."

Jioni ile tulimweleza kila kitu kwenye korido. Nilitegemea atatucheka. Mama Idella alikuwa mtu wa dhihaka, hasa kwa binti yake.

"Ulitaja jina lote?" alimuuliza Verlene.

"Lote, Mama. Si ndivyo tunavyofanya?"

"Kwa watu usiowajua! Ukawaambia wamwekee na nafasi!" Akampiga begani kwa mkoba, halafu akamkumbatia, wote wawili wanalia. Kisha akauliza, "Wanakutana tena lini?"

"Jumapili ya tatu."

Akafunga mkoba wake, akarudi ndani kwa mwanawe.

Upasuaji ulikwenda salama, walisema madaktari. Ila Thad hakuamka. Siku ya tatu, ya tano, ya kumi. Walimpima kichwa, wakapima damu, wakakuna videvu vyao. Mimi nilihesabu siku tu. Sijawahi kuichukia Jumapili namna ile.

Asubuhi ya Jumapili ya tatu Mama Idella alikuja wodini amevaa gauni lake jeupe. Akambusu Thad kwenye paji la uso, akamrekebishia shuka.

"Nakwenda kanisani," alisema. "Na wewe usitoke hapa hata kidogo. Akitaka kusema neno, mzuie. Umenisikia? Mzuie."

Nilifikiri anakwenda kanisani kwetu, hapo mjini. Nilitaka kufikiri hivyo.

Verlene alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Saa sita kamili. Sita na dakika tano. Chumba kikawa cha moto, moto wa Mei wa mashambani, na kiyoyozi kinanguruma palepale. Nikasikia harufu ya msonobari.

Sita na dakika kumi, Thad akafumbua macho.

Hakutuona. Alitazama mlango. Shingo ikanyooka, kifua kikajaa hewa, kama mtu anayetaka kuitikia kwa adabu.

"Ni..."

Nilimziba mdomo. Kwa viganja vyote viwili. Alipambana. Mtu aliyelala siku kumi na mbili bila kuamka, na nguvu zile! Verlene alimlalia miguuni akipiga kelele, mashine zikalia, manesi wakaingia mbio wakanivuta nywele. Sikuachia. Nilihisi midomo yake ikihangaika chini ya kiganja changu, ikitafuta nafasi ya lile neno.

Mara ikatulia.

Thad akalegea. Akanitazama mimi, safari hii mimi kweli.

"Mama kaitika," alisema. "Wameniita mimi, kaitika Mama."

Mama Idella tulimkuta kulekule Zebuloni, saa tisa alasiri. Alikuwa ameendesha gari mwenyewe hadi kule, mtu ambaye hakuwa ameshika usukani kwa miaka minane. Gari lilikuwa limeegeshwa vizuri kando ya vichaka. Kanisa halikuwepo. Palikuwa na nguzo za matofali, bati lililooza, na msonobari mnene umeota pale ilipokuwa madhabahu. Benchi moja tu lilibaki zima, na Mama Idella alikuwa amekaa juu yake, mgongo wima, mikono mapajani. Mwili wake ulishapoa. Verlene alipiga magoti kwenye udongo akaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Mimi nililia kwa aibu, maana ndani ya majonzi yale kulikuwa na furaha, na furaha hiyo naijutia hadi leo.

Tuliporudi mjini jioni tulipita nyumbani kwake kuchukua nguo za maziko. Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote. Tukafungua makufuli yote mawili. Jikoni, katikati ya meza, palikuwa na bakuli kubwa la bati jeupe limefunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na kuku wa kukaanga na maharagwe, vinafuka moshi. Kwetu ndivyo wanavyofanya majirani nyumba ikifiwa. Wanaleta chakula.

Chakula tulikimwaga. Bakuli Verlene aliliosha, akaligeuza, akaliangusha kwenye sinki. Chini yake palikuwa na kipande cha plasta, kama wanavyobandika akina mama wa kanisa ili chombo kisipotee. Plasta ilikuwa ya kale, imegeuka kahawia, imepasukapasuka. Juu yake, kwa penseli: *Idella Gaddis*.

Tulilificha bandani kwangu. Thad aliruhusiwa kurudi nyumbani mwezi wa sita, mzima, anakula vizuri, na habari za bakuli hatukumwambia. Jumamosi iliyopita niliingia jikoni nikamkuta amelipata. Alikuwa amelikausha vizuri na kitambaa, na kuku watatu wametiwa chumvi kwenye sinia.

"Bakuli la Mama hili," alisema. "Kesho si Jumapili ya kwanza? Tumpelekee. Si adabu kulirudisha tupu."