Pumzi ya Yotamu

Kengele ya alfajiri ilipolia, wavulana wa bweni walikimbilia bombani kunawa kwa maji ya baridi ya Iringa, kisha wakapanga foleni bwaloni na mabakuli yao. Mwaka ule wa 1956 kiranja wa bwalo alikuwa Tadeo, mvulana mwembamba wa miaka kumi na minne. Upawa wake wa mti aliutumia kwa kazi mbili: kugawa uji na kupiga watu.

Aliyepigwa zaidi ni Yotamu wa Tukuyu, aliyekuwa mnene tangu utotoni. Kila asubuhi Tadeo alimtilia nusu upawa tu.

"Wewe una akiba tumboni," alimwambia. "Mtu mnene akilala hatumii kitu."

Nusu iliyobaki aliinywa mwenyewe jikoni.

Wiki ya tatu ya nusu upawa, Yotamu hakusogea kwenye foleni. "Nijazie," alisema.

Tadeo alimchapa upawa usoni. Nyusi ikapasuka, damu ikadondokea ndani ya bakuli. Yotamu, ambaye hakuwahi kumgusa mtu, alimkaba Tadeo shingo, akambwaga sakafuni na kumpiga ngumi mpaka jino likang'oka. Mabenchi yalipinduka, uji wa moto ukawaunguza wavulana wawili waliokuwa karibu. Mwalimu Zubery, aliyekuwa na zamu, aliwaachanisha kwa fimbo.

Mwalimu Mkuu hakutaka maelezo marefu. Alisema Yotamu ni mlafi na mgomvi, kwa hiyo arudishwe kwao. Kwanza akalime shamba la viazi kama adhabu. Kabla ya adhuhuri Yotamu alianguka kifudifudi juu ya jembe lake, akazimia.

Mwalimu Zubery aliwapeleka wote wawili hospitali, Tadeo akiwa na kinywa kilichovimba.

"Huyu anakula kiasi gani?" aliuliza Daktari Himmat.

"Namjazia kila siku, Daktari," Tadeo alidanganya. "Anazimia kwa uvivu."

Daktari alimtazama. "Hata mtu aliyelala anatumia chakula, kijana. Moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, mwili unajipasha joto. Mwili mkubwa una kazi kubwa zaidi. Kesho asubuhi nitawapima wote wawili, mnene na mwembamba. Mtalala hapa. Msile chochote, wala msikimbie, maana chakula na mbio huongeza kipimo. Nikiwa na kipimo cha kweli, nitamwandikia Mwalimu Mkuu."

Asubuhi Tadeo aliamka wodini na njaa kali. Kwenye kitanda cha jirani alilala mtoto mdogo aliyevunjika mguu, na sahani yake ilikuwa na viazi vitamu viwili. Tadeo alimwonyesha ngumi, akavikwapua na kuvibugia. Mtoto alipopiga kelele, Tadeo alikimbia hadi nyuma ya jengo.

Daktari alianza kwa kukisia. Alichukua uzito, kimo na umri wa kila mmoja, akapiga hesabu kwa kanuni ya kitabuni. Kisha akawalaza chali kwa zamu, akawabana pua kwa kibanio, na pumzi waliyotoa mdomoni ikaingia kwenye mfuko mkubwa wa mpira, ili kwa kuipima hewa hiyo ajue mwili umetumia kalori ngapi.

Kitabu kilisema Yotamu atumie kalori elfu moja na mia nane kwa siku akiwa amelala tu. Kipimo kilitoa elfu moja na mia saba.

"Kitabu hiki kiliandikwa kwa watu wa Ulaya," Daktari alisema. "Kwa kijana mnene kinaweza kukosea. Hata hivyo, kipimo hiki ni zaidi ya chakula anachoonekana kupata."

Lakini kipimo cha Tadeo kilipita makisio kwa mbali. Daktari alikunja uso, akaukagua mfuko.

"Ulikula?"

"Hapana, Daktari."

"Basi huenda mfuko unavuja. Siwezi kuandika barua kwa chombo nisichokiamini." Alishika karatasi ya Yotamu, akaanza kuichana.

Tadeo alimwona Yotamu akigeukia ukuta, nyusi yake ikiwa na nyuzi tano za kushonea. Bila barua hiyo, basi la kesho lingemrudisha Tukuyu.

"Daktari, usichane!" alipaza sauti. "Nilikula viazi vya yule mtoto. Nilikimbia pia. Na uji... uji wa Yotamu nilikuwa nakunywa mimi."

Mwalimu Zubery, aliyekuwa amerudi kuwafuata na kusimama mlangoni, alimzaba kofi moja, akamwamuru aombe radhi, kwanza kwa mtoto, halafu kwa Yotamu.

Barua iliandikwa na Yotamu akabaki shuleni. Daktari alimwagiza apunguze sukari na vya kukaanga, acheze mpira kila jioni, lakini asinyimwe mlo. Tadeo alichapwa viboko sita mbele ya shule nzima na kuvuliwa ukiranja.

Jioni hiyo Mwalimu Zubery aliwaketisha pamoja.

"Tadeo, uliutazama mwili wa mwenzako ukadhani unajua haja yake. Hukuuliza, hukupima, ukapiga. Na uongo wako nusura uharibu hata kipimo cha kweli. Mwili wa mtu usiuhukumu kwa macho, na unapoulizwa, sema kweli mapema, kabla mwingine hajaumia."

Tadeo alimnyooshea Yotamu mkono. Yotamu aligusa nyusi yake iliyoshonwa.

"Bado naumwa," alisema, kisha akaushika.