Aliyebaki Mabegani

Mnara ulikwisha kushuka, watu wakapiga makofi, lakini mabegani mwa Nieves nyayo mbili zilikuwa bado zimesimama.

Hakushtuka. Alidhani ni uchovu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama katika msingi wa mnara wa watu, amebanwa mbele na nyuma, kichwa ameinamisha, mikono inasukuma mgongo wa aliye mbele, huku vijana na watoto wakipita pekupeku juu ya mabega yao wote, wakisimama mmoja juu ya mwingine mpaka yule mdogo kabisa afike kileleni na kuinua mkono. Wa chini haoni kitu. Anasikiliza zumari tu: sauti ya kupanda, kisha sauti ya kushuka. Zumari lilikuwa limeshusha, likanyamaza, na wapandaji wote walikuwa chini wanakumbatiana.

Siku yenyewe ilikuwa tamu tangu asubuhi. Nieves Arribas alikuwa mshonaji wa magauni ya maarusi kutoka Soria, miaka hamsini na miwili, na hakuwahi kusafiri peke yake. Miaka kumi na miwili alimuuguza mama yake. Alimbeba kwenda bafuni, akambeba kumrudisha kitandani, mpaka mama alipofariki mwezi wa tatu. Septemba ilipoingia akapanda treni kwenda sikukuu ya minara katika mji wa Vallmora, akajiambia sasa ni zamu yangu. Alikula mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni. Alicheza barabarani na masanamu makubwa ya mfalme na malkia yaliyobebwa na watu, akanywa divai mchana kweupe bila kumwomba mtu ruhusa. Na kila aliyekutana naye alimuuliza, kwa bashasha nyingi, kama amekuja peke yake. Akijibu ndiyo, walitazamana, wakamshika mkono. Ukarimu ukipita kiasi una lake jambo, lakini mtu aliyefungiwa ndani miaka kumi na miwili hana nafasi ya kuuchunguza. Wakamvuta msingini wakicheka.

Saa ya chakula alikaa benchi moja na msichana wa Murcia, Aroa, mwenye mkoba mkubwa mgongoni na yeye pia akitembea peke yake. Waligawana soseji za kuchoma na maharage meupe.

"Shangazi, mbona umekunja shingo hivyo?"

"Kuna kitu kinanielemea tu."

"Ni ule mnara! Hebu geuka nikukande." Aroa akaweka mikono mabegani mwake, mara akaiondoa. "Umelowa, shangazi. Halafu unanukia vumbi lililonyeshewa."

Mvua ilikuwa haijanyesha Vallmora tangu Juni. Nieves akacheka, akasema ni jasho, akaaga kwenda msalani. Alipokuwa anatembea alisikia karibu na sikio la kushoto sauti ndogo ya meno yakitafuna kitambaa, taratibu, kama mtoto anayenyonya shuka usingizini.

Alifunga mlango, akavua blauzi. Ukosi ulikuwa umeloa na una alama za meno madogo. Asubuhi walikuwa wamemwonyesha jinsi wapandaji wanavyoung'ata ukosi wa shati ili lisivutike wakikanyagwa, lakini yeye hakuwa ameung'ata wake, na hata angetaka, ukosi wa nyuma haung'atwi na mwenyewe. Akageuza shingo kutazama bega lake, akaona kwenye nyama vishimo vitano vidogo, vimepangana kama vidole vya mguu wa mtoto, na alipokuwa bado anavitazama, akijiambia ni mikunjo ya nguo, ni joto, ni ile divai, kishimo kimoja kikasogea, kikajikaza, kama mtu aliye juu sana anayeogopa kuanguka.

Alitoka mbio huku amefunga vifungo nusu. Nyuma ya kanisa alimkuta bibi aliyepiga zumari asubuhi, Roser, analowanisha ulimi wa zumari lake katika bilauri ya maji. Bibi hakumtazama usoni. Alitazama juu kidogo ya kichwa chake.

"Keti polepole," Roser akanong'ona. "Ukimtikisa anakaza vidole."

"Bibi, nani yuko juu yangu?"

"Engràcia. Alikuwa na miaka minane. Siku aliyopanda kileleni, babu wa baba yangu ndiye aliyekuwa na zumari. Mnara ukaanza kutetemeka, hofu ikamwingia babu, akasahau kupiga sauti ya kushuka. Mtoto akabaki kileleni anaingojea. Wakaanguka wote, akafa yeye tu. Tangu hapo anaiogopa ardhi. Anatembea bega kwa bega."

"Mteremshe basi! Piga hiyo sauti!"

"Napiga kila mwaka, mwanangu. Akiisikia anavuka kwa mwingine, chini hakanyagi." Akagusa mshipi mweusi mrefu uliozungushwa kiunoni mwake. "Juu yetu sisi hapandi. Mshipi huu mtu anafungwa na mtu wake anayemtakia mema. Mama, mume, hata rafiki wa siku moja. Asiye na wa kumfunga, juu ya huyo ndipo mtoto anapopata pa kusimama."

Nieves akajishika kiuno kitupu. Asubuhi hakuna aliyemfunga mshipi.

"Kwa hiyo mnajua. Ndiyo maana mnauliza nani kaja peke yake."

"Tuna watoto," Roser akasema, na aibu ilikuwa wazi usoni mwake. "Asipompata mgeni, atawatafuta wao, angojee mshipi utakaolegea."

"Na nikienda naye nyumbani?"

"Anazidi kuwa mzito. Wa mwaka jana alikuwa mwanamume wa miraba minne kutoka Burgos. Hakuiona Pasaka. Sasa mtoto amerudi peke yake, kama anavyorudi kila sikukuu."

"Basi nifunge wewe. Nifunge sasa hivi, bibi, nakuomba."

"Mshipi ni mlango, mwanangu. Hauwezi kumtoa aliyekwisha kuingia." Bibi akainamisha kichwa. "Umebaki mnara mmoja, saa kumi na mbili jioni. Simama nyuma ya mtu asiyefungwa, mikono yako mabegani mwake. Nikibadilisha sauti atavuka. Zaidi ya hapo usiniulize."

Saa kumi na mbili uwanja ulifurika. Nieves alifika anajikokota, maana uzito ulikuwa umeongezeka maradufu. Aliwaza kuondoka. Aliwaza pia chumba chake cha kushonea, dirisha wazi, asubuhi ambayo hakuna anayemwita kutoka kitandani. Miezi sita tu ameishi maisha yake. Miezi sita.

"Shangazi! Nimekutafuta!" Aroa alikuja anarukaruka, mshipi mpya mweusi mikononi. "Wameniita msingini. Nimenunua mshipi kabisa, lakini muuzaji anasema lazima nifungwe na mtu wangu. Nikamwambia mtu wangu hapa ni yule shangazi wa Soria. Shika huku, mimi nitazunguka."

Akamtia ncha ya mshipi mkononi, akarudi nyuma hatua sita, akaanza kuzunguka akija kwake, kitambaa kinajiviringisha kiunoni mwake, naye anacheka kwa kizunguzungu. Masikioni mwa Nieves yale meno yaliacha kutafuna. Kilichokuwa juu kilikuwa kinasikiliza. Alimpenda yule msichana saa ile, alimpenda kweli, kwa mikono yake ya kukanda na nusu ya soseji yake, na kwa kumwita mtu wake. Mtu aliyeshona nguo miaka thelathini anajua kwa vidole tu kitambaa kilichobana na kilicholegea. Vidole vyake vikalegeza. Akaipachika ncha juu juu, mahali ambapo ingefumuka kwa pumzi ya kwanza.

"Imebana?" Aroa akauliza.

"Imebana, mwanangu."

Wakaingia msingini, Aroa mbele na yeye nyuma, mikono yake imemshika mabega, watu wakawabana kila upande, wapandaji wakapita juu yao, zumari likapanda na ngoma ikalifuata, na harufu ya vumbi lililonyeshewa ikamjaa puani mpaka akashindwa kuvuta hewa, na alipohisi ule mshipi unateleza na kuanguka miguuni mwao alifumba macho asiuone, halafu zumari likabadilika, ikaja sauti ya kushuka, ndefu na laini, na vidole vya kushoto vikaachia kimoja kimoja, kisha vya kulia, na kisigino kidogo chenye baridi kikapita juu ya viganja vyake kwenda mbele.

Makofi yalipolipuka, Aroa hakupiga. Alikuwa ameinua mkono mmoja kuelekea begani, anapapasa, na macho yake yanamtafuta Nieves katikati ya watu.

"Shangazi?" akaita. "Shangazi, njoo kidogo."

Nieves alikuwa amekwisha kugeuka. Aliteremka barabara ya kwenda kituoni akikimbia, mwepesi kama msichana, na machozi yaliyokuwa yakimtoka yalikuwa ya furaha.