Mbweha wa Bi Thuraya

Siku ya mwisho ya bustani ya michezo ya mjini Ibra, Omani, watu walijaa kama Idi mosi, na nusu yao hawakuwa wametia mguu pale kwa miaka kumi. Ndivyo tulivyo. Kitu kikiwepo hatuna habari nacho. Kikitangazwa kufungwa, tunakuja mbio na simu za kupigia picha.

Kila kitu kilikuwa kinauzwa: magari ya kugongana, treni ya watoto iliyopauka, na ile bembea ya kuzunguka yenye farasi, tembo na bata mmoja wa bati, wa manjano, mdomo umebanduka rangi. Bata huyo alikuwa kakumbatiwa shingo na mwanamke wa miaka thelathini na moja. Manar alikuwa katoroka kazini chuoni kabla ya saa, abaya lake la zambarau limeshika vumbi, shela linamteleza, wala hana habari.

"Samahani, bibie, huyo ni wangu," sauti ya mwanamme ilisema nyuma yake.

"Nani kasema?"

"Hicho kibandiko ubavuni. Maen. Ndiye mimi."

"Basi kibandue."

Maen akacheka. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, kofia imelala upande, na mikono yote miwili imejaa grisi. "Unamtakia nini?"

"Nilimpanda nina miaka mitano, mama kanishika kiuno. Na wewe?"

"Nampeleka Mintirib, kwenye kambi ya ami yangu. Watoto wa watalii watampanda."

"Bata, jangwani? We huna imani hata kidogo!"

"Nipe namba yako. Siku ukimkumbuka nitakupigia umsikie sauti."

"Bata wa bati ana sauti?"

"Nitamwigiza mimi."

Na kweli, kesho yake alasiri simu ikalia, na mtu mzima wa miaka thelathini na tatu akalia kwaa-kwaa-kwaa kama bata mpaka Manar akafunga mlango wa ofisi kwa aibu. Hivyo ndivyo yalivyoanza mapenzi, na msinicheke mimi.

Miezi miwili ikawa ni simu tu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na bata?"

"Anakusalimia. Anauliza lini utakuja kumwona, au umeshapata tembo?"

Walizungumza ya zamani: bembea zilizokuwa zikilia bawaba, na katuni za alasiri zilizochorwa kwa mkono, si hizi za siku hizi ambazo kila uso umetoka kompyuta moja. "Zamani hata mbweha alikuwa na uso wake," Maen alisema.

"Mimi nina mbweha wangu," Manar akamjibu, na ndipo akamweleza habari ya kanda.

Mama yake, Bi Thuraya, alifariki Manar ana miaka kumi na moja. Zama hizo hapakuwa na ujumbe wa sauti kwenye simu. Aliacha kanda moja tu ya video, katuni ya mbweha na kuku. Bibi yake Manar alikuja kutoka Unguja kesha kuwa mtu mzima, Kiarabu cha katuni hakimwingii, akawa anakaa na wajukuu mbele ya televisheni kama mgeni. Bi Thuraya hakuweza kulitazama hilo. Akachomeka maikrofoni kwenye deki, akafuta Kiarabu chote, akasema sauti zote yeye kwa Kiswahili: kuku, jogoo, mkulima, na mbweha mwizi. Sasa kanda ilikuwa imeanza kuota ukungu, na Manar hana deki.

"Nipe mimi," Maen alisema. "Kuna fundi kwetu, mjini Nizwa, anazihamishia kwenye simu."

"Maen, nisikilize vizuri. Sina sauti yake nyingine. Kanda hii ikipotea, mama kanifia mara ya pili."

"Habibti, nitaishika kama yai."

Manar akampa kanda, fundi akafanya kazi yake, na Maen akasikiliza garini, akacheka mpaka machozi. Mbweha wa Bi Thuraya alisema Kiswahili cha bara: "Mimi bana sina shida na mtu. Nataka kuku moja tu... basi!" Watu wa Maen walitoka Tabora, wa Manar Unguja, na watu wa Unguja wamezoea kuwacheka wa bara kwa namna wanavyosema, utadhani wao walizaliwa na kamusi mdomoni. Maen hakuona ubaya. Alifika nyumbani Nizwa akamchezea mama yake.

Bi Mahbouba alikuwa anakata bamia. Mbweha aliposema, kisu kikasimama.

"Huyo ni Thuraya wa Ibra," akasema. "Na huyo anayemwigiza ni mimi. Tulikaa ukuta kwa ukuta, mimi bado kijana, wewe hujapata akili. Nikifungua mdomo tu, wanawake wote wanacheka."

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mwanamme mwenye akili angebisha hodi. Maen hakubisha. Alikuwa bado hajamwomba mama yake aende kumposea, na mlango ule akauhesabu ndilo jibu. Akarudi kwa fundi, akamwamuru akate kila neno la mbweha na nakala nzima aifute, hata ile ya simuni. Kanda yenyewe akaitia motoni kule kambini, isije ikaonekana. Yote hayo siku moja, na hakumuuliza mtu.

"Mashine imeila kanda, roho yangu," akamwambia Manar kwa simu. "Fundi kaokoa alichoweza."

Manar akasikiliza. Kuku wanapiga kelele, jogoo anaapa, na kila mbweha akifungua mdomo, kimya. Mashine gani hiyo inayochagua wa kumla? Akapiga simu.

"Maen, nani kamkata mbweha?"

"Si nimekwambia, mashine..."

"Wallahi usinifanye mjinga!"

Hapo yote yakamtoka. "Mama kaudhika, Manar. Yule mbweha ni yeye. Ningefanyaje? Nimefanya ili tuoane."

"Na kanda iko wapi?"

"Nimeichoma."

Manar akakata simu.

Ijumaa akaendesha gari mpaka Nizwa na maneno mawili kifuani: kumwomba yule mama radhi, na kumwambia kwamba hana moyo. Hakujua ataanza na lipi.

"Shikamoo, Bi Mahbouba. Mimi Manar, wa Thuraya."

"Marahaba." Akamtazama uso wote. "Pua yake hiyo hiyo. Pita ndani, mwanangu."

Kahawa haijamiminwa, Manar akaanza. "Nimekuja kukuomba radhi kwa ajili ya mama. Alikukosea. Lakini na wewe, kumwambia Maen afute sauti ya marehemu..."

"Nani kafuta?"

Manar akamweleza. Bi Mahbouba akaliweka birika chini taratibu.

"Mimi sikumwambia mtu afute kitu. Niliingia chumbani nikalia, ndiyo, iliniuma. Mama yako alikuwa na ulimi, na mimi nilimsamehe siku niliyosikia kafa. Halafu nikataka kuisikia tena. Siku hizi kutwa nasema Kiarabu. Kiswahili changu cha Tabora kimekwisha, na niliokuwa nikisema nao wamekwisha. Hapana tena anayekumbuka nilivyokuwa nikisema nilipokuwa msichana. Thuraya peke yake ndiye aliyeniweka. Siku tano hizi namngoja Maen aniletee."

Wakanywa kahawa wote wawili. Kila mmoja kapotelewa na mtu katika kanda ile ile moja.

Nje pikapu ikasimama. Maen akaingia, kanzu mpya, harufu ya udi. "Manar! Nimeona gari yako. Nilikuwa nikuletee bata kwenu leo, nimempaka rangi, yuko nje. Mama yupo, na wewe upo, basi nakuposa mbele yake. Kanda nitakutafutia nyingine, katuni ile ile..."

"Mama yako alikuwa nyuma ya mlango, Maen. Ulikuwa na swali moja tu la kumuuliza. Hukuuliza."

"Niliogopa nisije nikakukosa."

"Najua. Na mimi nakupenda, mjinga we, ndiyo maana nasema leo leo. Kesho utaogopa jingine, utachoma changu kingine, uniambie mashine imekula. Sikutaki."

Maen akamgeukia mama yake amsaidie. Bi Mahbouba alikuwa anatafuta viatu vyake.

Akamsindikiza Manar mpaka garini, akainama dirishani. Akakohoa kidogo, akabinua mdomo. "Mimi bana sina shida na mtu. Nataka kuku moja tu..." Akavuta pumzi hapo, kama Thuraya alivyoivuta mle kandani ili asicheke. "Basi!"

Sauti ilikuwa ya kizee na inatetemeka. Ile pumzi ilikuwa ya mama yake Manar. Manar akalaza kichwa kwenye usukani, akalia kwa sauti bila ya kumwonea mtu haya.

"Tena," akasema.

Bi Mahbouba akasema tena. Maen alikuwa kasimama kando ya pikapu, mkono kauweka kwenye shingo ya bata, na hakuna aliyemwambia amteremshe.