Viatu vya Fundi Mwenyewe

Kila asubuhi Fundi viatu alifungua mlango, akatandika gunia sakafuni, akapanga nyundo, gundi na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Kisha alivifunika viatu vibovu vya wateja kwa kitambaa.

"Kiatu kilichopasuka ni aibu ya mtu," alizoea kusema. "Fundi mwenye adabu huifunika."

Zamani watu walishuka basi mbele ya mlango wake. Walimwona, wakasimama. Halafu kituo kikahamishiwa barabara ya nyuma. Wapita njia wakapungua, na kazi ikapungua. Shemeji yake akamtafutia kazi ya ulinzi wa usiku kwenye ghala. Sare ilikuwa tayari, imetundikwa kwenye msumari ukutani. Angeanza mwisho wa mwezi.

Mkewe hakuipenda sare ile.

"Wewe ukirudi, watoto wanatoka. Watakujua kwa picha?"

"Sasa nifanyeje, mama watoto? Nikavute watu kwa mashati?"

"Si una simu? Kazi yake kuangalia mpira tu."

"Kizuri chajiuza," Fundi alijibu.

"Chajiuza kikionekana, baba."

Jioni ile Fundi alipiga picha viatu vyekundu alivyokuwa amemaliza kuvitengeneza. Vilimetameta. Akaiweka picha kwenye ukurasa wa mtandaoni ambao majirani hutumia kutangaziana mambo. Akaandika: "Kazi safi. Karibuni."

Kesho yake simu haikupumzika. "Bei gani?" "Namba thelathini na nane ipo?" "Niwekee, nakuja!"

Fundi alikuwa bado anakuna kichwa, akaingia muuguzi mmoja. Vile viatu vyekundu vilikuwa vyake.

"Fundi! Nimeleta viatu vishonwe, wewe umevipeleka mnadani?"

"Hapana, dada yangu! Ni picha tu!"

"Picha tu? Binamu yangu ameshaviomba! Anauliza zimebaki jozi ngapi!" Akavikumbatia kifuani.

Chumba cha pili, msusi alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Msusi huyu hupata wateja wengi kwa simu. Akaja mlangoni.

"Jirani, umekosea mara mbili. Kwanza, hukuomba ruhusa. Mali ya mteja haiwekwi hadharani mpaka mwenyewe akubali. Pili, umeonyesha kiatu kizima. Nani atajua kilikuwa kibovu? Wamedhani unauza viatu. Mimi huonyesha kichwa kabla ya kusuka na baada ya kusuka, mwenyewe akiniruhusu. Watu wanaona kazi."

"Nisamehe, dada," Fundi alimwambia muuguzi. Kisha akamgeukia msusi. "Lakini nianike kiatu cha mtu kimeachama? Hilo silifanyi."

Mkewe alikuwa amefika na chupa ya chai. Akatazama miguu ya mumewe.

"Basi anika vyako."

Wote wakatazama. Soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imebanduka. Kidole gumba kilichungulia nje kama mpangaji mbea. Muuguzi akasahau hasira, akacheka. Fundi naye akacheka kwa haya, akavua.

Msusi akamwelekeza. "Pigia picha hapa mlangoni, penye mwanga. Sasa kitengeneze, upige tena. Andika kazi uliyofanya, mahali ulipo na saa za kazi. Na mtu akikuomba namba yako ya siri ya simu, hata ajiite nani, usimpe."

Fundi aliandika polepole, mkewe akimsomea herufi: "Hivi ni viatu vyangu mwenyewe. Natengeneza, siuzi. Niko mbele ya kituo cha zamani, asubuhi mpaka jioni. Nitumie picha ya kiatu chako, nitaiona mimi peke yangu. Nitakuambia kama kinatengenezeka, kabla hujafunga safari."

Picha zikaanza kuja. Fundi alizikuza kwa vidole, akazichunguza nyuzi.

"Hiki kinashonwa. Kilete Alhamisi."

"Hiki usijisumbue nacho, mama. Soli imeoza."

Mama yule aliyeambiwa ukweli akaleta kingine. Wengine waliuliza, wakapotea. Lakini Fundi sasa alijua mapema soli ipi inahitajika, akainunua, na mteja alipofika hakuambiwa "njoo kesho". Muuguzi naye akawaambia wenzake, ambao husimama kutwa nzima. Wakawa wanaleta viatu vyao kwenye mfuko mmoja.

Mwezi ulipokaribia kwisha, shemeji alikuja kuuliza habari za ulinzi. Mke wa Fundi akaishusha sare, akaikunja vizuri.

"Mtafutie mwingine, kaka. Msumari huu umepata kazi." Akatundika mfuko wa viatu vya wauguzi.

Shemeji aliutazama mfuko ule. Kisha, taratibu, akauficha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

Fundi hakuinua macho. Alisogeza tu ncha ya kile kitambaa cha kufunikia viatu.

"Vua, shemeji," alisema. "Chako hakihitaji picha."