Pakiti Nne za Wali

Ndugu zangu, msimu ule huku kwetu Kalimantan miduriani, miti ya yale matunda makubwa ya miiba, ilizaa mpaka matawi yakainama. Rupina na kaka zake wawili, Matius na Silvanus, walikuwa wamekaa chini ya miti aliyoipanda bibi yao, wakipasua matunda na kula. Shamba lile ni la ukoo. Wote waliotokana na bibi yule wana haki nalo, na hakuna awezaye kulitoa peke yake. Kanisius, mumewe Rupina, alikuwa ameoa tu hapo, lakini ndiye aliyekula kuliko wote.

"Shemeji, tubakizie hata mbegu!" Matius alimtania.

Wakacheka, mara kicheko kikazimwa na mngurumo. Tingatinga lilikuwa limefika mpakani, na Darius, afisa wa kampuni ya michikichi, akashuka na karatasi mkononi.

"Mbona mnashangaa? Ardhi mlishaitoa wenyewe, wote wanne. Saini zenu hizi hapa. Wiki ijayo anakuja mkaguzi wa cheti, naye ataziona."

Cheti hicho ndicho kinachowahakikishia wanunuzi wa mbali kwamba mawese wanayoyanunua hayakutoka kwenye ardhi ya kunyang'anya.

Rupina aliichukua ile karatasi. Jina lake lilikuwepo, na ya kaka zake na mumewe pia, yote kwa mwandiko mmoja. Aliujua vizuri. Ndio ulioandika jina la binti yao Lensi kwenye madaftari ya shule.

"Baba Lensi, ni nini hiki?"

Kanisius aliliweka duriani chini. Alikumbuka mkutano wa kampuni kwenye ukumbi wa kanisa. Waliambiwa karatasi ile ni ya mahudhurio tu, na kila saini ilikuwa na pakiti moja ya wali na nyama ya nguruwe. Alikwenda peke yake, akasaini mara nne, akarudi na pakiti nne.

"Nilisaini chakula tu, Mama Lensi. Na mila yetu unaijua, ukikaribishwa chakula ukakipita, balaa linakufuata njiani."

"Mila inataka ukiguse kwa kidole tu! Nani alikwambia inataka usaini, tena kwa jina langu?"

Tingatinga likaanza kusukuma, na miduriani miwili ilianguka kabla Rupina hajakimbia kuketi mbele yake, na dereva akaona haya, akalizima.

Msimwone Kanisius mtu mbaya, ndugu zangu. Alikuwa mzembe, na tumbo lilimtangulia. Siku sita mkewe alimpakulia chakula bila kumsemesha, na kila tonge lilimwia chungu.

Mkaguzi alipofika, mama mmoja mpole mwenye miwani, kijiji kizima kilijaa ukumbini. Darius alimnong'oneza Kanisius, "Ukisema ulighushi, utakayefungwa ni wewe. Nyamaza tu."

Kanisius aliitazama miguu ya mkewe, bado ina udongo wa shambani, akasimama.

"Mama mkaguzi, naomba kalamu."

Akaandika majina manne mbele ya watu wote, akaiweka karatasi kando ya ile ya zamani.

"Mkono ni mmoja, na ni wangu. Mke wangu na shemeji zangu hawakukubali chochote. Hata mimi sikukubali. Nilitaka wali."

Mtu mmoja alicheka. Mkaguzi akamgeukia Darius.

"Siku hiyo mliwaeleza wapi kwamba wanaitoa ardhi?"

Darius alipekua mkoba wake mpaka mwisho. Hakuwa na kitu. Cheti kikazuiwa, na tingatinga likaondolewa.

Wazee wa mila walimtoza Kanisius nguruwe mmoja kwa kuwasemea wenye mali. Nguruwe huyo aliliwa shambani, karibu na vile visiki viwili. Kanisius alipopewa sahani aliigusa kwa ncha ya kidole, akarudisha mkono.

"Kula, Baba Lensi," Rupina alisema, machozi yakimlengalenga. "Hiki hakina karatasi."

FUNZO

Ardhi ya wengi haitolewi na mmoja. Ukiitwa mkutanoni, uliza karatasi ni ya nini kabla hujauliza chakula kiko wapi, na usimsainie asiyekuwepo, hata awe mkeo. Nanyi mnaotoa vyeti, msiridhike na saini, waulizeni wenyewe. Kanisius alipata nafasi ya kujisahihisha na tukamsamehe. Ile miduriani miwili ya bibi haitasimama tena.