Kisanduku Kilichobaki Kitupu

Kila nilipotoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimama nyuma ya kaunta na kupokea nguo. Mama yangu ni dobi. Duka letu lilikuwa chumba kimoja chenye pasi mbili, rafu ya nguo zilizokunjwa na pazia la kijani. Nyuma ya pazia kulikuwa na ua wenye karo la kufulia na kamba nne zilizofungwa chini ya bati. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na wateja walinibandika jina la Kwanini kwa sababu sikuchoka kuuliza. Kwa nini wino hautoki kwa maji ya moto? Kwa nini kola huchakaa kabla ya mikono? Wengine walinijibu, wengine walicheka tu.

Kazi yangu ya pili sikuipenda. Mteja akija kuchukua nguo ambayo haijawa tayari, mama alijificha nyuma ya pazia, na mimi nilitakiwa kusema, "Mama ametoka kidogo. Njoo kesho." Pasi ilisikika ikigonga meza hapohapo, lakini nilisema hivyo bila hata kupepesa macho.

Mwaka huo mambo yalituendea kombo. Duka la mashine za kufulia lilifunguliwa ng'ambo ya barabara, na nafasi tupu zikaanza kuonekana kwenye rafu yetu. Jioni moja, tukiwa mezani, mama alituambia mimi na dada yangu, anayesoma chuo cha biashara, kwamba wateja wakizidi kupungua atafunga duka. Angekwenda kufua nguo katika hospitali ya mji mwingine, na mimi ningeachwa kwa shangazi. Sikumaliza chakula changu. Shangazi ni mtu mwema sana, lakini si mama.

"Mbona unakata tamaa mapema, mama?" dada alisema. "Ile nyumba ya wageni mpya, yenye vyumba ishirini, inatafuta dobi. Meneja anataka kila anayeomba kazi aende Jumatatu na mpango wake."

"Mpango gani tena? Mpango wangu ni sabuni na maji."

Dada alicheka. Alichukua karatasi kubwa, akaigawa kwa mistari miwili inayokatana, vikapatikana visanduku vinne. Juu ya kila kimoja aliandika neno: Nguvu, Udhaifu, Fursa, Vitisho. Akatueleza kwamba viwili vya kwanza ni vya mambo ya ndani ya duka, ambayo yako mikononi mwetu. Viwili vya mwisho ni vya mambo ya nje, yanayokuja tutake tusitake.

Nguvu tulizijaza haraka: mama hashindwi na doa, na hajawahi kupoteza hata soksi ya mteja. Kwenye Fursa tukaandika nyumba ya wageni. Kwenye Vitisho tukaandika mashine za jirani na msimu wa mvua. Tulipofika kwenye Udhaifu, mama alikuna kichwa.

"Andika hatuna mashine."

"Sawa, lakini hiyo haitoshi," dada alisema. "Mashine hatukuwa nazo hata zamani, na wateja walijaa. Nataka kujua kinachowafukuza."

"Basi andika hakuna," mama alisema, akainuka kwenda kuosha vyombo. Dada hakuandika kitu.

Kisanduku kile kitupu kilininyima raha. Kama hatuna udhaifu, wateja wanakwenda wapi?

Kesho yake nilianza kuwauliza. Nesi aliyekuja na mapazia yake alisema, "Mama yako hana kasoro, mwanangu." Fundi viatu alisema mama ni dobi namba moja. Wote walitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha wakaenda zao. Nani atamsema mama mbele ya mtoto wake?

"Swali lako linawabana," dada aliniambia. "Libadilishe."

Nililizungusha swali hilo kichwani siku nzima. Kisha nikaitazama rafu kwa makini. Kulikuwa na mapazia, mablanketi na makoti mazito, lakini hapakuwa na sare hata moja. Nesi alipopita tena nilimuuliza, "Ni nguo gani ambazo huwa hutuletei?"

Alilitazama pazia, akashusha sauti. "Sare za kazi. Nikizileta hapa, siku ya zamu nitavaa nini?"

Fundi viatu alikuwa na kisa chake. "Suti," alisema. "Nilikwenda harusini na suruali ya kazini, suti yangu iko kwenu inasubiri kesho. Lakini usimwambie mama yako kwamba ni mimi." Kufikia Ijumaa nilikuwa nimewauliza watu saba, na majibu yao yalifanana. Walituletea nguo zisizo na haraka tu. Nguo zinazohitajika siku fulani zilivuka barabara.

Nilimweleza mama jioni hiyo.

"Nani kasema hivyo?" Alikunja uso.

"Watu saba, mama. Nimewaahidi kwamba sitawataja. Na mimi nina makosa, maana ni mimi ninayewaambia umetoka."

Mama aliisimamisha pasi pembeni. "Mtu akiniomba kesho, nashindwa kumwambia haiwezekani," alisema. "Naogopa atanuna. Halafu nakutuma wewe ukaseme uongo. Nisamehe, mwanangu." Akanisogezea kalamu. "Andika. Tunaahidi siku tusizoziweza."

Dada alirudi akakuta kisanduku kimejaa, akapiga makofi. "Visanduku hivi si pambo la ukutani," alisema. "Sasa vikutanishe. Udhaifu huu ukikutana na fursa ile, itakuwaje?"

"Tutakubali vyumba vyote ishirini, na siku ya tatu tutafukuzwa," nilijibu.

Basi tukapima badala ya kukisia. Tulianika mashuka kwenye kamba zilizo chini ya bati. Kila kamba ilibeba mashuka sita, kwa hiyo kamba nne zilibeba ishirini na manne. Kila chumba kina mashuka mawili. Hata mvua ikinyesha, tungeweza vyumba kumi na viwili.

Jumatatu, baada ya shule, nilimsindikiza mama. Meneja, mwanamke mwenye miwani, alituuliza moja kwa moja, "Nina vyumba ishirini. Mashuka yanachukuliwa leo, yanarudi kesho saa nne asubuhi. Utaweza?"

Midomo ya mama ilifunguka, na mimi niliijua ile "ndiyo" iliyokuwa inakuja. Aliimeza. "Vyote ishirini siwezi. Kumi na viwili naweza, kila siku, hata mvua inyeshe." Akaiweka karatasi mezani. Nilijiona tayari nafunga mizigo kwenda kwa shangazi.

Meneja alisoma kwa muda mrefu, hasa kisanduku cha Udhaifu. Kisha akavua miwani. "Watu wanne wamekaa kwenye kiti hicho leo. Wote walisema ishirini kabla sijamaliza swali. Nilipowauliza wataanika wapi mvua ikinyesha, walianza kutazama dari. Wewe umeniambia mpaka wako uko wapi, kwa hiyo naweza kukutegemea. Chukua kumi na viwili. Vinane vilivyobaki nitampa jirani yako wa mashine."

Tulipotoka nje nilirukaruka kama mtoto wa chekechea, na mama hakunikataza. Alinishika bega tukasimama pembeni ya barabara.

"Nilidhani nawafurahisha watu, kumbe nilikuwa nawafukuza," alisema. "Sifa zangu nilizijua siku zote, na zisingeniokoa. Mpango unaoficha kasoro ni kujidanganya tu. Ukitaka kufanikiwa katika kazi yoyote, uliza unashindwa wapi, na ukijibiwa, andika, hata kama jibu linauma. Kisha tengeneza."

Mashuka ya kwanza yaliletwa Alhamisi, na Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi mama aliyarudisha yakiwa yamenyooshwa. Mama hakwenda kufua katika mji mwingine.